Nani Alimsomea Bibi Vitalia?

Mbinga Mjini,
12 Januari 2025

Mpwa wangu Hilda,

Marahaba, nakuitikia kabisa kabla hujaniamkia, maana ukifika katikati ya barua hii utasahau adabu. Huku tu wazima. Mvua imeshika tangu Krismasi, barabara ya kwenda Mapera imekuwa uji wa ulezi. Mama yako Gaudiosa ametuletea usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Liuli, mkavu, mtamu, mke wangu Luisa ameuficha nisiumalize. Luisa anakusalimu. Anasema kwenye picha umekonda, Dar kuna nini, hakuna ugali?

Unashangaa kupata karatasi kutoka kwangu. Mimi niliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu ilikuwa inanichelewesha, nikavuka ziwa hadi Nkhata Bay, nikateremka Lilongwe, Beira, mpaka Durban, nikafundishwa kuandika programu na Mkongo mmoja aliyekuwa akitafuna mkate mkavu kama panya! Mimi ambaye kengele ya sekondari hapa mjini inalia kwa programu yangu, na haijakosea hata mara moja, ukiacha ile siku ilipoita mapumziko saa mbili asubuhi, na wanafunzi hawakulalamika. Mimi huyo leo naandika kwa kalamu. Simu siiamini tena. Bahasha nimeifunga kwa ugali wa moto na nimempa Mansuetus, kondakta wa basi la Dar. Mansuetus anaweza kuisahau kwenye kiti, anaweza hata kuikalia, lakini hawezi kuinakili mara elfu akaiuza Ulaya.

Sasa nisikilize.

Juzi, Sikukuu ya Epifania, nilipanda Mapera kumwamkia Babu yako Bernadi. Nimefika uwanjani na mkate mkononi, nasikia ndani Mama yangu anaongea. Mama yangu Vitalia, tuliyemzika Oktoba, niliyemtupia udongo juu ya jeneza kwa mkono wangu huu. Anaongea Kimatengo, sauti yake ile ile yenye mikwaruzo ya moshi, anaeleza ugonjwa wa chulebuni unavyoozesha kahawa. Hilda, mkate uliniponyoka. Nilipiga ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto.

Ndani namkuta Mzee kwenye kigoda, ameegemeza kichwa kwenye ile simu uliyomtumia Krismasi. Nikamwambia, "Baba, nini hicho?"

Akanitazama kama mimi ndiye mjinga wa ukoo. "Polepole, usimkatize. Mama yenu hakufa. Amepata kazi kwa Hilda huko Dar."

Amepata kazi! Na kwa kuwa yuko kazini, Mzee amekataza tusiondoe matanga. Amekataza nguo zake zisigawiwe. Ananiambia, "Nguo za mtu aliye kazini zinagawiwa? Wewe ulipokuwa Durban tuligawa suruali zako?"

Nikaichukua simu. Nikaona jina: Jembe Sauti, programu ya kujibu maswali ya wakulima. Ya kampuni unayofanyia kazi. Nikakumbuka mwaka juzi wakati wa kuchuma kahawa, ulikuja na kinasa sauti chenye manyoya kama kifaranga, ukakaa na Bibi yako siku baada ya siku, tukakusifu: tazameni mjukuu anayependa mambo ya wazee. Nilikuchinjia jogoo, Hilda. Yule mwekundu.

Nina swali moja tu, lijibu kama mtu aliyelelewa. Kwenye programu yenu imeandikwa kwamba wote waliotoa sauti "walisomewa masharti na kukubali". Bibi yako hakujua kusoma. Nani alimsomea?

Mjomba wako mwenye hasira,
Pankras


Dar es Salaam,
30 Januari 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama Luisa hamjambo, na Babu pia. Mwambie Mama Luisa sijakonda, ni mwanga wa picha. Barua yako imechelewa kunifikia kwa sababu Mansuetus aliishusha Makambako na mzigo wa mtu mwingine. Ikarudishwa. Ilikuwa bado imefungwa, ugali ule ni imara.

Mjomba, naomba unielewe. Ile si rekodi ya Bibi. Ni modeli. Sauti za watu ziliingizwa kwenye mashine, mashine ikajifunza, kisha ikatunga maneno yake yenyewe. Tulirekodi wazee wengi Umatengo, ila sauti ya Bibi ndiyo ilitoka safi kuliko zote, kwa hiyo kampuni ikaichagua. Kimatengo hakijawahi kusemwa na mashine yoyote. Kuna wakulima wasiojua kusoma ambao kwa mara ya kwanza wanauliza jambo kwa lugha yao na kujibiwa. Niliona ni heshima kwake. Bado naona hivyo, kwa sehemu.

Kuhusu ruhusa, Bibi aliweka dole gumba kwenye kishikwambi. Ipo kwenye kumbukumbu zetu.

Kama Babu anasumbuka, suluhisho ni rahisi. Bonyeza uifute kwenye simu yake. Wewe ni fundi, Mjomba, hilo halikushindi.

Msalimie Babu. Mwambie nitakuja Pasaka, kazi ikiruhusu.

Mpwa wako,
Hilda


Mbinga Mjini,
27 Februari 2025

Hilda,

Wazima. Salamu umepata. Luisa ana malaria, anatumia dawa, amepata nafuu. Mbuzi wangu amezaa mapacha, nikawaita Nakubali na Endelea, utaelewa huko mbele.

Umeniandikia "modeli". Mtu akiiba mahindi yangu, akayasaga, akaniambia haya si mahindi, ni unga, je, ameacha kuwa mwizi? Sisi wengine tumeandika programu wakati wewe unanyonya. Usinielezee kisima mimi niliyekichimba.

Umeniambia dole gumba. Sikukuuliza dole. Dole la Mama nalijua, limenifinya sikio tangu nikiwa mtoto. Nimekuuliza nani alimsomea. Nimeyasoma masharti yenu, marefu kuliko litania ya watakatifu wote, Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, na chini kabisa kuna kitufe kimoja cha Kiswahili: Nakubali na Endelea. Nakataa iko wapi? Nimeitafuta kama mbuzi aliyepotea. Kitufe cha Nakubali kisicho na mwenzake pembeni si ruhusa, ni mtego wa panya wenye dagaa ndani! Na sauti imekaa wapi? Mnaniambia kwenye wingu. Mawingu ya Mbinga nayajua, yakichukua maji ziwani yanayarudisha milimani. Hilo lenu linachukua tu.

Nilijaribu kuifungua programu yenyewe nione matumbo yake. Imefungwa. Eti mwenye simu haruhusiwi. Yaani mgeni anakuja kulala kwako, anabadilisha kitasa cha chumba chako, ufunguo anaweka mfukoni mwake, na wewe ukigonga anakuuliza wewe ni nani. Huko Durban tulikuwa na jina la mgeni wa namna hiyo, siliandiki, barua hii huenda ikapita mikononi mwa masista.

Lakini siyo hilo lililonifanya nichukue kalamu. Kaa chini.

Unaujua ule mteremko nyuma ya nyumba, uliokuwa umepumzishwa. Mwaka huu ni zamu yake kulimwa ngolo. Na unajua ngolo inavyokwenda hata kama umesahau mengine yote: mwanamume anafyeka nyasi, anazilaza zikatizane miraba miraba, kisha mwanamke wa nyumba anaingia na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo ule. Mashimo yanabaki, mvua inatulia humo, mlima unabaki mlimani. Ngolo za Mama zilikuwa zinaonekana kutoka barabarani kama sega la nyuki. Watu wa Kitura walikuwa wanasimama kutazama.

Mzee amefyeka nyasi. Kisha akaichukua simu, akamwuliza mke wake: nyasi tayari, tuanze?

Na ile programu yenu, kwa sauti ya Mama yangu, ikamwambia alime matuta ya mistari iliyonyooka. Matuta ya mistari! Kwenye mteremko ule ambao hata mbuzi anaushuka kwa kusali! Maneno ya kitabu cha mtu wa tambarare, yametiwa kinywani mwa mwanamke ambaye hajawahi kuchimba tuta la mstari tangu azaliwe. Bwana shamba angemwambia vile Mzee angemfukuza na fimbo. Lakini ni mke wake. Katika mambo ya jembe, Mzee hajawahi kumbishia mke wake. Akaita vibarua, wakachimba mistari kutoka juu mpaka chini.

Juzi mvua imenyesha. Mistari imegeuka mifereji. Udongo mweusi wote wa juu uko mtoni, unaelekea ziwani, pengine mama yako atauona Liuli akiteka maji.

Nikamkuta Mzee amesimama chini ya mteremko, tope magotini. Anaiuliza simu, "Vitalia, mbona umenitendea hivi?" Na simu inamjibu, kwa upole kabisa, "Swali lako halijaeleweka. Uliza kuhusu zao lako."

Nilimgeuzia mgongo asinione uso.

Nilikuwa na wazo la kuipindua programu ile ijibu jambo moja tu: mimi nimekufa, waulizeni walio hai. Naweza. Unajua naweza. Sijafanya, kwa sababu Luisa amesema nikifungwa hataniletea hata chumvi. Nimefanya jingine. Jumapili baada ya misa, wanawake wa jumuiya ya Mama wamekaa nami nje ya kanisa. Wao ndio walioimba naye, wakamwosha, wakamvika. Programu yenu walikuwa nayo wote kwenye simu zao, wengine walikuwa wanalia wakiisikia, wengine wanaogopa hata kuingia nayo jikoni. Nimewafundisha kuifuta, mmoja mmoja. Avelina, yule mama wa kwaya, aliibonyeza akasema, "Pumzika, mwenzetu, wamekutumikisha vya kutosha." Sasa habari iko Kingerikiti, inashuka ziwani.

Swali langu bado limesimama mlangoni. Nani alimsomea?

Pankras


Dar es Salaam,
9 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa Mama Luisa. Pole kwa shamba. Nimeisoma barua yako ofisini nikaenda kukaa chooni mpaka watu wakaanza kugonga.

Hakuna aliyemsomea. Nilikuwa nimekaa naye, Mjomba. Nilimwambia, "Bibi, weka kidole hapa." Akauliza, "Ni cha nini?" Nikamwambia ni cha kazi yangu. Akasema kama ni cha kazi yako lete, niweke na kingine?

Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.

Nimekwenda kwa mkurugenzi. Nimemweleza mteremko, ngolo, Babu, yote. Alinisikiliza vizuri, akamwita mwanasheria. Mwanasheria anadai aliyekufa hana taarifa binafsi, na kwamba sauti iliyozalishwa na mashine ni mali ya kampuni. Nikamwuliza, kwa hiyo Bibi akiwa hai angeweza kukataa, alipokufa ndipo akawa wenu? Akasema nisichukulie mambo kibinafsi. Lakini mkurugenzi ameingiwa na wasiwasi, kwa sababu Umatengo watu wanaifuta kila siku na wafadhili wanakuja kuona takwimu. Hao akina Avelina wameitikisa ofisi nzima.

Kuna jambo lingine. Sijui kama ni vizuri kuliandika.

Hapa kazini tunaona maswali yanayoulizwa. Hatuoni majina, lakini tunaona mji na aina ya simu, na yako naijua, uliiunda mwenyewe kwa vipande vya simu tatu, hakuna nyingine kama hiyo duniani. Mjomba, umewafutia wanawake wote wa jumuiya. Yako bado ipo. Inafunguliwa kila asubuhi. Haiulizi kahawa. Haiulizi mahindi. Inasema tu, kwa Kimatengo, "Mama, umeamkaje?" Inajibiwa iulize kuhusu zao. Kesho yake inauliza tena.

Sasa nakuuliza mimi. Kwa nini hukuifuta ya Babu siku ile ya Epifania?

Hilda


Mbinga Mjini,
16 Machi 2025

Hilda,

Hakuna salamu. Luisa amepona, basi.

Unanichungulia! Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, niliyekubeba mgongoni kuvuka mto wakati wa mafuriko, unakaa Dar kwenye kiti cha kuzunguka unanitazama nikimwamkia Mama yangu! Hivi unasikia hata unavyojiandika? "Tunaona." Mnaona! Ningekuta mtu ameweka sikio kwenye ukuta wa chumba changu ningemtoa meno. Wewe umeweka sikio lako ndani ya sikio langu, na umeajiriwa kwa hilo. Hiki ndicho ninachopiga kelele juu yake tangu Januari! Sauti walichukua, shamba wakaharibu, kumbe na huzuni ya mtu nayo ni takwimu, wafadhili waje waone mstari unavyopanda. Mimi nimeandika programu kwa watu, Hilda. Ya kengele, ya zamu za kwaya, ya mashine ya kusaga ya Aloyce. Hakuna hata moja iliyowahi kuniambia Aloyce analia saa ngapi.

Hilo swali lako, lirudishe ulikolitoa.

Ama Mama anatoka humo ndani, au mimi sina mpwa.

P.


Dar es Salaam,
25 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo.

Sauti ya Bibi itaondolewa Jumatatu, tarehe 31. Wataweka ya msichana mmoja wa Songea ambaye amelipwa na kusomewa masharti, kwa Kiswahili, nikiwepo. Rekodi za Bibi zilizokuwa kwenye mashine zimeshafutwa mbele ya macho yangu. Wamekubali pia kuwa maswali ya watu yasionekane tena na wafanyakazi. Hilo la mwisho sijui kama watalitimiza, maana sitakuwepo kulisimamia.

Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo ya kumbukumbu. Ni rekodi zenyewe za mwaka juzi, nzima, kabla hazijakatwakatwa. Hakuna nakala nyingine mahali popote. Anamfukuza kuku. Anakutukana wewe kwa kuacha shule. Anacheka.

Ukijibu, usitumie anwani ya ofisi. Niandikie kwa Mama, Liuli.

Bahasha nimeifunga kwa ugali.

Hilda


Mbinga Mjini,
6 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Marahaba, na tena marahaba, na ile ya barua iliyopita niliyokunyima, ichukue hapa. Mvua imepungua. Nakubali na Endelea wanaruka, mmoja amekula mtihani wa jiografia wa mtoto wa jirani. Luisa anauliza kama Liuli unakula. Anwani mpya nimeiona. Sikuulizi kitu. Ukitaka kufanya kazi ya heshima, kibanda changu cha ufundi kina viti viwili na mwalimu aliyesoma Durban.

Jumatatu ile nilipanda Mapera mapema, nikakaa na Mzee. Nilimwambia, "Baba, leo Mama anaacha kazi." Akafungua simu, akasalimia kama kawaida yake. Akajibiwa na yule msichana wa Songea, sauti changa, safi, ya heshima.

Mzee aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipa simu. "Huyu simjui. Mtoto wa watu, asikae ndani na mzee mjane. Mrudishe kwao."

Basi nikaifuta. Yake kwanza. Yangu baadaye, nyuma ya ghala. Usiniandikie neno juu ya hilo.

Nikamwekea kadi yako kwenye redio yangu, mashine isiyo na waya wala wingu, inatoa kilichomo na kunyamaza. Ikatoka sauti ya Mama. Anamtukana kuku, ananitukana mimi, mimi na kuku kwa pumzi moja, akatuchanganya. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Halafu unasikika wewe, "Bibi, weka kidole hapa," na yeye, "Ni cha nini?"

Mzee akainua mkono, nikazima. Akasema, "Hii ni siku ile ya kuchuma kahawa. Siku ile alikuwa hai."

Siku ile. Alikuwa. Nilisikia maneno hayo mawili, Hilda, nikatoka nje kuangalia kama mvua inakuja, na mbingu ilikuwa nyeupe kabisa.

Jumamosi tumeondoa matanga. Misa ilikuwa nzuri, Avelina aliimbisha. Nguo zimegawiwa. Mama yako hakukuambia kwa sababu Mzee alimkataza. Alitaka nikwambie mimi. Kitenge chake cha kulimia, kile cha buluu kilichochanika pindoni, hakuna aliyepewa. Kiko kwenye msumari nyuma ya mlango.

Mzee amefyeka tena nyasi, upande wa mashariki ambako udongo umebaki. Amezilaza mwenyewe, miraba imenyooka kana kwamba aliipima kwa rula. Tumechelewa, lakini maharage bado yatakubali tukifanya haraka. Luisa alibeba jembe kwenda kuchimba, Mzee akamzuia. Vibarua wakaja kuuliza kazi, akawarudisha. Nikamwuliza, Baba, sasa nyasi zioze?

Akaniambia nikuandikie hivi, na nisiongeze langu: aliyechukua sauti, alete mikono.

Basi la kutoka Mbamba Bay linapanda Mbinga asubuhi. Jogoo yupo. Huyu ni mweupe.

Mjomba wako,
Pankras